Anayetaka Kuambiwa na Awe na Kifua

Siku hizi watu wakikaa kuzungumza mambo ya ndoa, hakosi mmoja kusema kwamba mume na mke hawafai kufichana jambo lolote lililowapata kabla hawajajuana. Husemwa redioni, husemwa katika mikutano ya wachumba, na hata barazani kwetu watu wameanza kulirudia neno hilo kana kwamba ni sharti la nikaha. Upande wa pili wako wazee wetu, na jawabu lao ni lile lile la siku zote: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Nimeyasikiliza makundi haya mawili kwa muda, nami naona yote mawili yanauliza nusu ya swali. Wanabishana kama siri isemwe au isisemwe. Hawaulizi ni siri ya namna gani, aambiwe nani, na huyo aliyeambiwa atafanya nini kesho yake. Kwa maoni yangu hili la mwisho ndilo zito, na ndilo tunalolikwepa.

Ili tusizungumze hewani, nawaomba wasomaji tuondoke pwani kidogo, tupande hadi Kisii na Nyamira. Nimewahi kuishi huko kwa kazi, nikikaa Keroka, mji uliokaa mpakani, upande mmoja Kaunti ya Kisii na upande wa pili Kaunti ya Nyamira. Najua wako watakaouliza: sisi na Wagusii tuna nini? Tunayo mengi. Walimu na wauguzi wa Kigusii wako pwani tangu zamani, wakisomesha watoto wetu na kuwauguza wazee wetu. Vijana wetu nao hukutana na mabinti wa huko vyuoni na makazini, Nairobi na kwingineko, na posa zinapita baina ya bahari na milima ile ya chai na migomba. Juu ya hayo, Wagusii ni watu waliolifikiria kwa kina jambo hili la siri ya mke na mume, wakaliwekea mila yake. Mwenye kutaka kujifunza hachagui chuo.

MSHENGA NA ESIGANI

Kwa desturi Mgusii haoi ndani ya ukoo wake. Bibi harusi sharti atoke ukoo mwingine, na zamani koo hizo zilikuwa zikipigana kwa mishale na kunyang'anyana mifugo. Ndiyo maana wenyewe wana msemo kwamba wale tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Mke aliletwa kutoka kilima cha watu wengine, na habari zake za utotoni zilibaki kwenye kilima kile. Mume naye alikuwa mgeni kwake vivyo hivyo.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya esigani. Huyu alikuwa mtu wa kati, mwenye kuaminiwa na pande zote mbili, anayekwenda na kurudi baina ya nyumba ya kijana na nyumba ya binti. Kazi yake haikuwa kupeleka salamu tu. Alipeleleza. Nyumba ile ina madeni? Ina maradhi yanayorithiwa? Inasemwa uchawi? Kijana ni mlevi? Binti ana tabia gani? Aliyoyapata aliyapeleka kwa wazazi kwa ulimi uliopimwa, na kama jambo lilikuwa baya, posa ilikufa kimya kimya pasipo mtu kuaibishwa sokoni.

Msomaji wa pwani ameshamtambua mtu huyu. Kwetu ni mshenga. Mshenga wa kweli alikuwa mtu mzima mwenye haya, aliyejua la kusema na la kumeza. Alibeba habari za nyumba mbili na akafa nazo. Kwa hivyo huku pwani na kule Gusii mambo yalikuwa sawa kwa hili: wachumba wawili hawakukalishwa uso kwa uso wakaambiwa wafukue maisha yao. Palikuwa na mtu wa tatu wa kuubeba mzigo huo.

Leo mshenga amebaki wa kupeleka barua na kula pilau. Vijana wamejuana wenyewe, wamezungumza wenyewe kwa simu mwaka mzima, na sisi wazee tunaitwa siku ya kuhesabu mahari. Sisemi ni vibaya. Nasema kwamba kazi ya kupeleleza na kuambizana imewaangukia wao wawili, na hatukuwafundisha namna ya kuifanya.

AMASANGIA

Katika Ekegusii liko neno amasangia. Asili yake ni kushirikiana kitu. Kimila ni balaa linaloingia nyumbani pale mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe anapokwenda nje ya ndoa kisha akaficha. Wazee wa huko husema kwamba mume wa mwanamke huyo akijikata au akiugua, halafu mkewe akamkaribia kumuuguza, mume hatapona. Damu haitakoma, au ugonjwa utazidi, mpaka afe. Watoto nao wamo katika hatari hiyo. Njia ya kuokoka ni moja: mke aseme, kisha nyumba ifanyiwe tambiko la kutakaswa.

Robert LeVine, mtaalamu wa Marekani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagusii katika miaka ya 1950, aliiandika imani hii, na watafiti waliokwenda huko miaka mingi baadaye waliikuta ingali na nguvu. Nami nilipokaa Keroka nililisikia neno hilo likitajwa kwa sauti ya chini, hata na watu wanaokwenda kanisani kila wiki.

Sisi Waislamu tunajua kwamba uhai na mauti viko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na jeraha la mume haliui kwa sababu ya hatua za mkewe. Lakini mtu asiitupe mila ya mwenziwe kabla hajaitazama inavyofanya kazi. Yako mambo mawili ndani yake ambayo mimi nayaheshimu.

Kwanza, mila hii imetambua siri huuma wakati gani. Haiumi siku ya raha. Huuma siku mume amelala kitandani hajiwezi, naye anamhitaji mkewe amshike, na mke anaogopa kumkaribia. Aliyewahi kukaa na jambo moyoni kisha mwenziwe akaugua anaijua hofu hiyo, hata kama hajapata kulisikia neno amasangia.

Pili, kusema kulikuwa na mwisho. Mwanamke hakusema kisha akaachwa anang'inia. Alisema, wazee wakajua la kufanya, tambiko likafanywa, na jambo likafungwa. Mume aliyekubali tambiko hakuwa na ruhusa ya kulifufua kila alipokasirika. Huku kwetu tunawaambia vijana waseme, wala hatuwaambii jambo litafungwa na nani.

Lakini pia ipo dhuluma katika amasangia, nayo tusiifumbie macho. Mzigo wote ni wa mwanamke. Mume akitembea huku na huku, halikuwako balaa kama hilo la kumtisha mpaka aseme. Mwanamume alikuwa na siri, mwanamke alikuwa na hatia. Na kabla hatujawacheka Wagusii, tujiulize ni mara ngapi tumesikia binti wa pwani akihojiwa ubikira wake na mwanamume ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza wake.

SITARA

Kiswahili chetu kina neno zuri, sitara. Nguo humsitiri mtu, nyumba humsitiri, kaburi humsitiri, na Mola ndiye Msitiri wa waja wake. Kurani imewafananisha mume na mke na mavazi, kila mmoja kwa mwenziwe, na vazi kazi yake ya kwanza ni kufunika.

Mafunzo ya dini juu ya jambo hili yako wazi kuliko tunavyodhani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza mtu aliyefanya kosa usiku, Mola akamfunika, asiamke asubuhi akalitangaza mwenyewe. Kosa lililotubiwa ni baina ya mja na Mola wake. Imam Malik katika Muwatta amepokea habari ya mtu aliyeposewa dada yake, akamweleza mposaji kwamba dada huyo aliwahi kuteleza. Habari zilipomfikia Sayyidna Umar, alimpiga mtu yule au alikaribia kumpiga, akamuuliza alikuwa na haja gani ya kulisema hilo.

Sasa ipo na habari nyingine, iliyopokewa na Imam Muslim. Fatima binti Qays alipoposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kutaka shauri kwa Mtume. Naye hakumficha. Alimwambia huyu ni fukara hana mali, na huyu ana mkono mwepesi wa kupiga, akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Hapa aibu za watu wawili wenye heshima zilitajwa wazi, kwa sababu zingemfuata mwanamke ndani ya nyumba yake.

Mtu akiziweka habari hizi mbili pamoja atauona mpaka. Lililokwisha na kutubiwa husitiriwa. Lililo hai, litakaloingia ndani ya nyumba pamoja na bibi au bwana harusi, husemwa kabla ya akdi. Ndiyo maana hata wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamehesabu aibu za mwili na akili, kama wazimu na ukoma, ambazo zikifichwa humpa mwenziwe haki ya kuivunja ndoa.

BINTI WA NYAMIRA

Mpaka huo ni rahisi kuuchora karatasini. Nataka niwaeleze jambo moja lililopita mbele yangu, nami nimepata idhini ya mwenyewe kulisimulia bila jina, na yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha.

Binti mmoja wa Nyamira, wa nyumba ya Wasabato, alisilimu kwa hiari yake akiwa kazini Nairobi. Alipoposwa na kijana wa Mombasa hakuwa na mtu wa upande wetu, basi mke wangu akawa ndiye somo wake. Siku moja alimwambia mke wangu kwamba yule mdogo wake wa mwisho aliyeko nyumbani kwao si mdogo wake. Ni mwanawe. Alimzaa akiwa na miaka 15, na hakuipata mimba ile kwa ridhaa yake.

Mambo yalikwendaje? Tangu mwaka 1994 sera ya elimu hapa Kenya inamruhusu msichana aliyezaa kurudi shuleni. Wazazi wake wakampeleka shule ya mbali, na mtoto akabaki kwa bibi yake akilelewa kama kitinda mimba wa nyumba ile. Kwa Kigusii mama huitwa "baba", na baba huitwa "tata". Mtoto akakua akimwita bibi yake "baba", na mama yake mzazi akimwita kwa jina.

Nyumbani kwao jambo hilo halikuzungumzwa. Wagusii wana kanuni ya haya waiitayo chinsoni, inayokataza mzazi na mwanawe kutaja mambo ya mwili mbele ya kila mmoja. Bibi na mjukuu ndio wenye ruhusa ya kusemezana bila woga. Kwa hivyo aliyeambiwa jinsi lilivyotokea ni nyanya yake, magokoro kama wasemavyo wao, naye ameshafariki. Binti alibaki peke yake na neno lake.

Swali lake kwetu lilikuwa hili: "Shangazi, nimwambie au nisimwambie? Nimeambiwa Uislamu unafuta yaliyotangulia."

Mke wangu alimjibu vizuri kuliko ningemjibu mimi. Alimwambia: "Mwanangu, Uislamu unafuta dhambi, na wewe katika hili huna dhambi ya kufutwa. Lakini mtoto hafutiki. Ana miguu, ana macho, na iko siku atakuja mlangoni." Kisha akamwonyesha kwamba siri yake ni mbili zilizofungwa kitambaa kimoja. Kwamba ana mtoto, hilo mchumba ana haki ya kulijua, kwa sababu mtoto ana haki kwa mama yake, na anayeoa mama ataikuta haki hiyo nyumbani. Lakini jinsi mtoto alivyopatikana ni jeraha la binti mwenyewe. Hilo atalisema siku moyo wake utakapotulia, au hatalisema kabisa, na hakuna wa kumlazimisha.

Akaenda, akasema lile la kwanza. La pili alilitaja kwa neno moja tu, kwamba hakuridhia, akaomba asiulizwe zaidi.

Sitamficha msomaji yaliyofuata. Kijana hakuvunja posa. Alisema atamlea mtoto kama wake. Lakini kila walipozungumza alirudi pale pale alipoombwa asirudi: ni nani, ilikuwaje, mbona hukupiga kelele, mbona hakushtakiwa. Kisha akamweleza rafiki yake ili apate shauri. Rafiki akamweleza mwingine. Baada ya wiki mbili binti alilisikia jambo lake kwa mwanamke ambaye hajapata kumwona maishani, tena likiwa limeongezwa chumvi. Aliyeivunja posa ni yeye. Alirudisha kila kilicholetwa, akatuaga kwa heshima.

Wako waliomwambia: unaona, ungenyamaza sasa ungekuwa kwako. Mimi nasema sivyo. Angenyamaza, angekuwa ndani ya ndoa na mtu asiye na kifua, akingoja siku mtoto atakapobisha hodi. Kusema kwake kulimwonyesha mapema aina ya mtu aliyetaka kumkabidhi maisha yake. Alipata hasara, wala sitaki kuipunguza. Alimpenda kijana yule.

SIRI SI MOJA

Kutokana na hayo nimejifunza kuzigawa siri mafungu matatu, na nawaomba wachumba wa pwani wanaosoma ukurasa huu wazitazame zao kwa mafungu hayo.

Liko fungu la makosa yaliyotubiwa. Mapenzi ya ujana, ulevi ulioachwa, mambo ambayo hayakuacha kitu nyuma ila majuto. Haya yafunikwe. Anayeyafukua kwa mwenziwe kwa jina la ukweli aghalabu anatafuta kuushusha mzigo wake kwa kumtwika mwingine. Na anayemhoji mwenziwe juu ya haya anavunja sitara aliyoiweka Mola.

Liko fungu la majeraha, yaani mabaya aliyotendewa mtu. Mwenye jeraha ndiye mwenye siri. Ana haki ya kusema, na huenda kusema kukampa nafuu, kwa sababu mume asiyejua hataelewa mbona mkewe hushtuka usiku au hukataa kuguswa. Lakini haki ya kusema haigeuki deni la kusema.

Na liko fungu la siri zenye miguu, zile zitakazoingia nyumbani mtu apende asipende. Mtoto. Mke mwingine. Deni kubwa. Maradhi. Hizi husemwa kabla ya akdi, na mwenye kuzificha amemghushi mwenziwe.

Katika maradhi nchi yetu imepata somo. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006, kifungu cha 24, ilimtaka anayejua ana virusi amwambie mapema yeyote atakayekutana naye kimwili, la sivyo ni jinai. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikitangua kifungu hicho kwa kuwa maneno yake hayakuwa wazi. Walioipinga sheria ile walikuwa na hofu kwamba ingewaumiza zaidi wanawake, maana wao ndio wanaopimwa kwanza, katika kliniki ya wajawazito, na anayejulikana kwanza huonekana ndiye aliyeleta ugonjwa. Mahakama haikusema kuficha ni jambo jema. Kuondoka kwa jela hakukuliondoa deni la mtu kwa mwenziwe, na leo deni hilo ni jepesi kulipa kuliko zamani, kwa kuwa anayetumia dawa vizuri hadi virusi vikawa havionekani kwenye vipimo hamwambukizi mwenziwe.

Kuna na jambo ambalo kule Gusii si siri ila likivuka Mto Voi hugeuka siri. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 uliwakuta wanawake 84 katika kila 100 wa Kigusii wamekeketwa, na nchi nzima walikuwa 21. Sheria imepiga marufuku jambo hilo tangu 2011, na hesabu ya nchi nzima imekuwa ikishuka. Lakini waliokwisha kupitishwa kisu wapo, nao wanaolewa. Nyumbani kwao lilikuwa jambo la kila mtu. Akiolewa mahali ambapo watu hawana mila hiyo, huona haya, naye hakuchagua. Hili namshauri aliseme mapema kwa mumewe, na mkunga aambiwe kabla ya siku za kujifungua, maana kovu lina habari zake wakati wa uzazi. Na mume akiambiwa, ajue kwamba anaelezwa dhuluma aliyofanyiwa mtoto.

KIFUA

Narudi kwenye nusu ya swali tuliyoisahau. Tumeshika kuwahimiza vijana waseme, na zaidi tunawahimiza mabinti. Nani amewafundisha wavulana kusikia?

Anayedai kuambiwa ajipime kwanza. Je, naweza kuambiwa nikanyamaza? Naweza kuulala usiku mmoja bila kumpigia simu rafiki? Siku nitakapogombana na mkewangu kwa chumvi ya mchuzi, nitaweza kutolitaja? Kama jawabu ni hapana, basi aache kuuliza, kwa sababu anaomba amana asiyo na sanduku la kuiweka.

Anayeambiwa ana haki ya kuvunja posa. Hakuna anayemlazimisha kuoa. Lakini akiivunja, anaondoka na amana ile kifuani, haiachi kibarazani. Sababu atakayowapa watu iwe ni kwamba haikuandikwa. Na akikubali kuoa, amekubali na hilo aliloambiwa, halirudishwi mezani kila mwezi. Hapo ndipo Wagusii wametupita. Wao walikuwa na tambiko la kufunga. Sisi hatuna haja ya tambiko, tuna akdi yenyewe. Aliyekaa mbele ya kadhi na mashahidi akasema "nimekubali", huku ameshajua, amekwisha kulifunga.

Na wazee nao wana kazi. Tumrudishie mshenga heshima yake, na somo nafasi yake. Binti mwenye neno zito asiachwe alibebe peke yake mpaka kwa mchumba. Awepo mtu mzima wa kumsaidia kulichambua, lipi la kusema na lipi ni lake. Kijana naye awe na mjomba au mwalimu wa kumwendea, mwenye ulimi mfupi, badala ya kuyapeleka mambo ya mchumba wake kwa vijana wenziwe. Na mambo haya yasemwe mchana, watu wametulia, uso kwa uso, kabla mahari hayajahesabiwa na kadi hazijagawanywa. Si kwa ujumbe wa simu, wala si usiku wa fungate.

Binti wa Nyamira, kwa habari tulizopata, alikwenda kwao likizo iliyopita, akakaa na mwanawe chini ya migomba akamweleza kwa maneno ambayo mtoto angeyaweza. Mtoto alifikiri kidogo, akauliza kama sasa atakuwa na "baba" wawili. Akaambiwa ndiyo. Akaridhika, akaenda kucheza. Mtoto wa darasa la nne ameonyesha kifua ambacho mwanamume mzima alikikosa.

Mola atusitiri, na atufanye wenye kusitiri.